Nilivyomwombea Nyambura Nikiwa Wodi ya Kifua

Damu ya kwanza niliitema kanisani, siku ya Jumapili, nikiwa nimesimama mbele ya akina mama wenzangu nikiwaongoza katika maombi. Nilikuwa nikikohoa tangu mvua ndefu zianze, zile tunazoziita mvua za njahi, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni baridi ya asubuhi. Siku hiyo nilijipangusa mdomo kwa kitambaa, nikaona wekundu, nikakikunja kiganjani na kuendelea kuomba. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Kisha mimi Loise, kiongozi wa akina mama, nikasalimia watu mlangoni na kurudi nyumbani kwetu, mtaa wa Makongeni, nikiwa nimeishika ile damu mkononi.

Sasa nimepona. Kutoka mtoni hadi kanisani napanda bila kusimama. Sista wa wodi ameniita mara mbili nikaongee na wanawake wapya, na mara zote mbili nimewaeleza juu ya sindano: kwamba inauma siku za kwanza, kwamba masikio yanavuma, kwamba ukivumilia utatoka. Yote ni kweli. Lakini sindano haikuwa jambo gumu. Lililokuwa gumu niliona haya kulisema mbele ya watu waliolala kitandani wakinitazama, kwa hiyo naliandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari. Mume wangu Stefano alifanya kazi katika kiwanda cha mananasi pale Thika. Tulikuwa na chumba kimoja, jiko la nje, na watoto watatu: Muthoni aliyekuwa ameanza shule, Kamau wa miaka mitano, na Ndung'u ambaye alikuwa bado ananyonya. 

Hospitalini tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Watu walisogea mmoja mmoja, matako yakiteleza juu ya ubao, na kila nilipokohoa yule aliyekuwa karibu nami alisogea upande wa pili. Nilipigwa picha ya kifua. Saa nane karani akaniita ndani, daktari Mzungu akaongea akiitazama picha, karani akatafsiri.

"Anasema pafu la kulia limetoboka. Ni kifua kikuu. Utalala hapa miezi sita, pengine zaidi. Na mtoto usimnyonyeshe tena. Hata leo."

Stefano alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Sasa watoto atawaangalia nani?"

"Nyambura," nikasema. Mimi ndiye niliyelitaja jina lake. Nataka hilo lijulikane.

Nyambura ni mdogo wangu wa mwisho. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, akiishi na mama yetu katika kijiji kipya karibu na Ruiru, kule watu walikohamishiwa, na akichuma kahawa katika shamba la Mzungu. Alikuwa amechumbiwa na Elijah, mwalimu wa shule ya pale pale. Harusi yao ilikuwa iwe likizo ya Agosti. Pasi ya kumruhusu kuja Thika ilichukua siku nane kupatikana, nami niliruhusiwa kungoja nyumbani mpaka afike. Alipofika na kifurushi chake aliniambia, "Elijah amekubali kungoja hadi Disemba. Wewe pona tu, mwari wa maitu." Ndivyo tunavyoitana, binti wa mama yangu.

Nilimshukuru, na nilimaanisha. Lakini jioni ile nilimwona akirudi kutoka bombani na debe la maji kichwani huku anaimba. Kupanda, kubeba na kuimba, vyote kwa pumzi moja. Nilikaa mlangoni nimejifunga blanketi nikamtazama kifua. Nilifikiri: yeye anaipata bure.

*

Wodi ya kifua ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, imetengwa na wodi nyingine, yenye veranda na uzio wa waya mbele yake. Vitanda vilikuwa kumi na vinne. Kila mmoja wetu alikuwa na kikopo chake cha makohozi chenye kifuniko. Sindano ilikuja kila asubuhi baada ya uji, leo tako la kulia, kesho la kushoto, mpaka ikawa hakuna upande wa kulalia. Halafu kulikuwa na dawa ya unga, chungu, iliyonifanya nitapike ule uji niliotoka kuunywa. Kufikia sindano ya ishirini masikio yangu yalianza kuvuma kama mtambo wa kahawa, na nikitembea sakafu ilipanda na kushuka. 

Wiki mbili za kwanza maziwa yangu yalivuja. Yalilowesha nguo ya hospitali saa ile ile ambayo Ndung'u alizoea kunyonya. Halafu yakakauka, na matiti yakalala kama mifuko mitupu. Nilijiona siku moja katika kioo cha dirisha la ofisi ya sista: mifupa ya mabega, shingo, macho. Sikujitambua mara moja. Nilidhani ni mgonjwa mwingine amesimama nyuma yangu.

Kwenye kitanda kilichofuata changu kulikuwa na Mama Rael, mwanamke kutoka magharibi ya nchi, mume wake akifanya kazi katika mashamba ya katani. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi hivi, na tuliongea Kiswahili kwa kuwa hakujua Kikuyu wala mimi sikujua lugha yake. Hakuwa na cheo chochote kanisani kwao. Aliomba kwa sauti ya chini, maneno machache, kisha analala. Mimi niliomba kwa urefu, na kwa sauti, nikijua wodi nzima inasikia.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Watoto hawakuruhusiwa kuvuka uzio, kwa hiyo sisi tulikaa kwenye veranda na wao wakasimama upande wa pili wa waya.

Jumapili ya tano Nyambura alikuja nao wote watatu, na Stefano akiwa nyuma. Muthoni alikuwa amesukwa nywele mistari iliyonyooka kuliko nilivyowahi kumsuka mimi. Nyambura alikuwa amevaa gauni langu la buluu, lile la kanisani.

"Baba Muthoni alisema nivae," aliniambia, akilishika pindo. "La kwangu limechanika. Hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Nguo ni nguo."

Akamgeuza Ndung'u anitazame. "Mwangalie Mama. Si huyo Mama?"

Mtoto alinitazama kidogo, akakunja uso, akamfichia Nyambura kichwa shingoni. Akasema, wazi kabisa, "Mama." Si kwangu. Alikuwa akimwomba yeye amwondoe hapo.

Wote walicheka ili kunifunika aibu. Nami nilicheka, kikohozi kikanishika. Nilipoinua uso niliona jambo jingine ambalo sikuwa nimeliona: Stefano alikuwa amenenepa. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Miaka tisa nilimpikia mtu huyu na hakuwahi kunenepa.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Wenye ugonjwa huu watanielewa nikisema kwamba mtu aliyelala miezi ana kazi moja tu, nayo ni kufikiri. Niliwaonea wivu watu wote. Niliwaonea wivu manesi kwa miguu yao. Nilimwonea wivu mwanamke aliyepita nje ya uzio akiuza ndizi, kwa sababu ya mabega yake. Kulikuwa na msichana kutoka mtaa wa Kiandutu kitanda cha mwisho ambaye makohozi yake yalipimwa yakaonekana safi mwezi wa pili tu, na nilipomsikia akishangilia nilivuta blanketi kichwani. Lakini hao wote walikuwa wa kupita. Nyambura ndiye niliyelala naye na kuamka naye. Nilimwona akifagia chumba changu, akisonga sima yangu, akimpa Stefano maji ya kunawa. Nilimwona akicheka. Anacheka na kichwa kimeenda nyuma. Sikuwa na sababu hata moja ya kumshuku, na nilitafuta sana.

*

Mwisho wa Agosti walinitembelea akina mama wa kanisa, wanne, wakiongozwa na Mama Priska, msaidizi wangu. Waliniletea mayai na uji wa wimbi kwenye chupa. Mama Priska alikuwa na habari.

"Huyo dada yako, Mama Muthoni, ni zawadi. Jumapili iliyopita tulimpa aongoze maombi. Ngai! Watu walilia. Wewe ulimfundisha wewe mwenyewe?"

"Walilia?" niliuliza.

"Hata mchungaji."

Mimi niliongoza maombi yale miaka minne. Watu walisema amina, walitikisa vichwa. Hakuna aliyewahi kulia.

Nililala juu ya mto nikatazama mabati. Halafu nikasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nataka mniombee jambo moja. Si juu yangu. Ni juu ya Nyambura." Wakasogea. "Ni msichana mdogo. Yuko katika nyumba moja na mume wa mtu, miezi sasa, chumba kimoja na pazia katikati. Mimi ninalala huku sijui kinachoendelea. Simshtaki. Mniombee tu asianguke."

Nikashusha macho.

Sikusema kwamba kuna kitu kimetokea. Nilichagua kila neno. Nilijua Mama Priska atakavyoenda nalo, nilijua litapita nyumba gani kabla ya nyingine, na nilijua kwamba mtu akiniuliza baadaye nitasema niliomba maombi tu. Wale wanawake waliguna. Mmoja alinishika mkono, akaniambia ninao moyo mkubwa.

Walipoondoka niligeuka kitandani. Mama Rael alikuwa amegeukia upande wangu.

"Mama Muthoni, nikuulize. Hayo yalikuwa maombi ama mashtaka?"

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Kitanda changu kiko hapa. Niende wapi?"

"Ni maombi."

"Sawa," akasema. Akafumba macho. Baada ya muda akaongeza, "Kama ni maombi, sasa yaombe. Mwombee hapo, mimi nisikie."

Nilifungua mdomo. Mimi niliyeweza kuomba nusu saa bila kurudia neno. Sikuweza kulitaja jina la dada yangu mbele za Mungu. Nilisema nimechoka.

*

Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Ya pili pia. Ya tatu alikuja Stefano peke yake, shati halijapigwa pasi, mashavu yamerudi ndani.

"Nyambura amerudi Ruiru," alisema. "Wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Walinikalisha kwenye kiti changu mwenyewe wakaniuliza kama ninalala na shemeji yangu. Mimi! Walimwambia asisimame tena mbele ya watu kanisani, na ni vizuri arudi kwa mama yenu. Akafunga vitu vyake akaenda, hakusema neno." Alivuta pumzi. "Halafu habari ikafika kwa kina Elijah. Mama yake ametuma watu wakaseme uchumba umekwisha."

"Nani alisema maneno hayo?" nilimwuliza. Mungu ananijua, nilimwuliza.

"Sijui. Majirani. Watu hawana kazi. Muthoni ameacha shule, anamlea Ndung'u. Kamau nimempeleka kwa mama yangu. Wewe usiwaze, wewe meza dawa."

Alinipitishia viazi vitamu viwili chini ya waya na kuondoka ili awahi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea.

Nilidhani nitafurahi. Hilo ni jambo la kutisha ninaloliandika hapa, kwamba nilikaa pale kwenye veranda nikingoja furaha ije. Nyambura hakuwa tena katika nyumba yangu, gauni langu lilikuwa limerudi kwenye sanduku. Kilichokuja ni picha ya Muthoni, miaka minane, na mtoto mgongoni.

Wiki hiyo makohozi yangu yalipimwa, bado yakawa na ugonjwa. Nikamwambia Mama Rael, "Mungu amenijibu. Ananilipa kwa mapafu."

"Aca!" akasema, neno la kwetu la kukataa alilokuwa amelizoea wodini. "Mapafu yako yalitoboka kabla hujasema kitu. Hapa wapo watu wema wanakufa na wabaya wanarudi nyumbani. Usichanganye mambo. Kifua chako kina dawa yake, inakuja kesho asubuhi. Hili lingine umelitafutia dawa?"

"Nimetubu. Usiku wote nimetubu."

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Mungu ndiye aliyefukuzwa Makongeni?"

Sikuongea naye siku mbili. Nilimwonea wivu hata yeye, jinsi alivyolala usingizi mara tu akifumba macho. Siku ya tatu nilimwuliza yeye anafanyaje. Akaniambia bila kujivuna. Alikuwa ameolewa mke wa pili, na mke mwenzake alizaa wana watano wakati yeye hajapata hata mmoja. "Nilitaka wafe," alisema. "Watoto wadogo. Niliokoka nikiwa bado ninataka. Watu wanadhani ukiokoka inaondoka siku hiyo. Mimi haikuondoka. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwambia Mungu: leo ni fulani, kwa ajili ya kitu fulani. Nataja na kitu chenyewe. Halafu nasema, mwachie, mwongezee. Mwaka mzima nilisema na moyo haukubali. Nilisema tu."

Nilikuwa Mkristo tangu utotoni. Nilidhani wokovu ni jambo nililokwisha kulimaliza, kama cheti cha ubatizo kilichofungiwa sandukuni. Sikujua kwamba ni kitu ambacho mtu anaweza kukianza akiwa na miaka thelathini na moja, amelala chali, ananuka dawa.

Nilianza na yule muuza ndizi. Nikasema, leo ni yeye, kwa ajili ya mabega yake. Mwachie. Mwongezee. Nilijiona mjinga. Kesho yake nikamtaja nesi. Kesho kutwa msichana wa Kiandutu. Nilimzunguka Nyambura kama mtu anayezunguka shimo, wiki tatu. Siku nilipomtaja nilitaja vyote: kifua, kicheko, mtoto, watu waliolia kanisani. Neno "mwongezee" lilikataa kutoka. Nililisema bila sauti, midomo tu.

Mwezi wa Oktoba Mama Rael aliruhusiwa kwenda. Aliruhusiwa kabla yangu, ingawa aliingia baada yangu. Alifunga khanga yake, akanishika mkono. "Leo ni mimi, sivyo?" alisema. Nilimwambia ni yeye, kwa ajili ya mlango ule anaoutokea. Alicheka mpaka akakohoa. Sikumwona tena, tulisikia mume wake alihamia mashamba ya mbali.

*

Jumapili baada ya Mama Rael kuondoka, nilimwambia Stefano. Alikuwa ameshika waya kwa vidole.

"Ni mimi," nilisema.

"Ni wewe nini?"

"Aliyesema juu ya Nyambura. Nilimwambia Mama Priska. Nilisema ni maombi."

Vidole vyake vilibaki palepale. "Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna."

"Basi ulisema kwa nini?"

Nilitafuta maneno yanayofaa nikakosa, nikasema yaliyokuwepo. "Ulinenepa."

Alinitazama kama anayejaribu kunisoma kwa mbali. Akaachia waya, akavaa kofia, akaenda bila kuaga. Hakuja Jumapili ile nyingine, wala ile ya baada yake. Mvua fupi zilianza, veranda ikawa baridi, wagonjwa wenzangu wakaacha kuniuliza mume wangu yuko wapi. Katika siku hizo ndipo makohozi yangu yalipimwa yakawa safi kwa mara ya kwanza. Sista aliniletea habari kwa furaha, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jumapili ya tatu Stefano alikuja, amelowa, na sweta mpya ya sufu ndani ya gazeti. Aliipitisha chini ya waya. "Kuna baridi," alisema. Nilivaa hiyo sweta mpaka ikatoboka viwiko.

Nilitolewa Januari, na vidonge vya kuendelea kumeza nyumbani. Wiki ya pili nilipata pasi nikapanda basi mpaka Ruiru. Kutoka barabarani hadi kijijini ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima. Mimi nilitumia saa mbili. Nilisimama katikati ya miti ya kahawa, nikashika magoti, nikaendelea. Kahawa ilikuwa imekwisha kuchumwa na wanawake walikuwa wakipalilia. Walinitambua, hakuna aliyeniita.

Nyambura alikuwa nje ya nyumba ya mama, akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Aliniona nikikaribia, hakuinuka.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Thika. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitayafupisha. Nilisema nilimwonea wivu, nikamtajia vitu, nikamwambia nilichagua maneno nikijua yatafika wapi. 

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. "Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Mama Priska aliniambia siku ile ile. Alinishika bega akaniambia, dada yako mwenyewe anakuombea usianguke."

"Mbona hukumwambia Baba Muthoni?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Ningemwambia, angekuja tena pale kwenye waya? Ungekufa, Loise. Ungekufa peke yako."

Niliketi chini mavumbini. Alikuwa ameibeba aibu yangu barabara nzima kutoka Thika hadi Ruiru, akapoteza mwanamume wake, akanyamaza, ili mimi niletewe viazi vitamu. Na kitu cha kwanza kilichonijia, kabla ya machozi, kilikuwa ni wivu. Kwamba hata katika hili amenishinda.

"Unisamehe," nilisema.

"Sijui. Leo siwezi." Alisimama na ungo wake. "Ulisema kanisani kwa akina mama. Nenda ukaseme hapo. Halafu nenda kwa mama yake Elijah. Mimi usinisemeshe kwanza."

Nilifanya yote mawili. Kanisani nilisimama mahali pale nilipotemea damu na nikaeleza, bila kulia, kwa sababu nilijua nikilia watanihurumia. Mama Priska alitazama mikono yake muda wote. Wazee waliniondoa katika uongozi, ikawa haki, nikaketi benchi ya nyuma pamoja na waliokuja na watoto wachanga. Nilijifunza mengi benchi ile. Huko nyuma watu huomba kwa maneno machache.

Mama yake Elijah alinikaribisha ndani, akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho. "Ungalikuja kabla ya Krismasi," alisema. Elijah alikuwa ameoa mwanamke mwingine sikukuu hiyo hiyo. Chai ilikuwa nzuri. Niliinywa yote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

*

Nawaambia wanaoingia wodini leo: dawa itafanya kazi yake msipoiacha katikati. Mwili utarudi, si ule wa zamani, lakini utarudi. Mimi sikio la kushoto halisikii vizuri, na Ndung'u alichukua karibu mwaka kukubali nimbebe. Ila chungeni kitu kinachowajia mkitazama wageni wenu wakiwa wazima. Msikivalishe nguo ya maombi. Mwiteni Mungu mkitaje kwa jina lake, hata kama ni kitu cha aibu, hata kama ni mabega ya mtu. Wivu wangu haujaondoka. Asubuhi nyingine unaniamsha kabla ya jogoo. Tofauti ni kwamba sasa namwambia Mungu kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Mwaka ulipita, mvua za njahi na zile fupi za mwere. Nyambura hakuja Thika, nami sikumsemesha, kama alivyosema. Nilisikia ameingia kujifunza kazi ya ukunga katika zahanati ya Ruiru, na kwamba wanawake walimpenda. Asubuhi niliyosikia hayo nilikuwa na kazi kubwa mbele za Mungu.

Kisha ikaja siku ya picha ya mwisho. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi hospitalini, nikisogea na wenzangu, mtu akaketi upande wangu akavuta pumzi. Alikuwa Nyambura, amevaa viatu vya kazi.

"Maitu amenituma," alisema, akitazama mbele. "Alisema usikae hapa peke yako."

Niliitwa, nikaingia, nikapigwa picha, nikangoja, nikaingia tena. Karani hakuwa na haja ya kutafsiri kwa sababu daktari alitabasamu. Kifua kilikuwa safi, kovu tu upande wa kulia.

Nilitoka nikamwambia. Alifunika uso kwa mikono akalia kwa hasira, mabega yakitikisika, watu wa benchi wakatutazama.

"Nilikuombea kila siku," alisema ndani ya viganja. "Nilikuchukia na nilikuombea. Kila siku, Loise. Mpaka nikachoka na mimi mwenyewe."

Nikakaa karibu naye. Ile hali ikanijia, ile ile, na safari hii sikutafuta maneno mazuri. "Mwari wa maitu," nikasema, "nakuonea wivu. Sasa hivi. Kwamba uliweza kuomba hivyo."

Aliinua uso, macho mekundu, akanitazama kuona kama ninatania. Aliona sitanii. Akaanza kucheka, kichwa kikaenda nyuma, watu wote wa benchi wakageuka. Alipomaliza alijipangusa kwa kiganja, akaniuliza kama nimekula.